Jinsi Fundi Saa Alivyolizuia Bakuli la Dada Yake Mlangoni

Sogezeni viti, enyi mlioshiba na enyi mnaosubiri kupakuliwa! Zimeni redio, mwiteni na yule aliyeko bafuni, maana tendo ninalolisimulia lilitendeka Jumapili moja, saa saba kasoro robo mchana, katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na walioliona kwa macho yao ni watu wachache, mmoja wao akiwa amevua miwani. Nawaletea habari za Fundi Saa, bwana wa vijigurudumu, mfufua mishale iliyokwama, mtu ambaye kwa miaka sitini na mmoja hakuwahi kumpandishia mtu sauti, na dada yake mkubwa ndiye hasa ambaye hakuwahi hata kumwambia hapana.

Mgane huyu alikuwa na kawaida ya kukaribisha watu chakula kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Njoo ulivyo, ukiwa na kitu leta, usipokuwa nacho kaa ule. Lakini oneni jeshi alilokuwa akililisha! Kinyozi wa ghorofa ya chini hakula nyama wala samaki, wala mchuzi uliowahi kupitiwa na mfupa. Mshona mapazia wa mlango wa pili alikuwa na presha, na daktari alikuwa amemtenga na chumvi kama watu wawili wasiosalimiana. Na juu ya hao alikuwapo mkwewe, karani wa posta, mke wa mwanawe wa pekee, ambaye damu yake na karanga havikuweza kukaa chumba kimoja.

Miaka miwili nyuma, kwenye meza ile ile, mkwe alionja kijiko kimoja cha mchuzi ulioletwa na Shangazi, ndiye huyo dada mkubwa wa Fundi Saa. Uso ukaumuka, koo likabana, akateremshwa ngazi zote tatu akiwa amebebwa. Alipona. Lakini tangu siku hiyo alikuja kila mwezi na mumewe, akakaa kwa adabu, akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo, akasema amekula nyumbani. Hakumlaumu mtu. Na ukimya ule wenye heshima ulimchoma Fundi Saa kuliko matusi.

Basi Jumamosi ile shujaa wetu aliamka akajiapiza mbele ya kioo, povu la kunyolea likiwa shavuni, kwamba kesho yake kila mgeni atakula chungu kimoja na mwenzake. Akateremka sokoni kama jemadari. Akanunua sufuria mpya na mwiko mpya, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umenywa mafuta ya karanga miaka ishirini na haukuaminika tena. Kisha akasimama dukani, akabandika jichoni kile kioo chake cha kutazamia matumbo ya saa, akaanza kusoma pakiti ya bizari.

"Mzee, saa imeingia kwenye bizari?" akauliza mwenye duka.

"Natafuta adui," akajibu shujaa, asiiondolee pakiti jicho. "Na nimempata! Hapa chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, wamekiri wenyewe kwamba mashine iliyosaga bizari hii husaga na karanga. Iondoe mbele yangu. Nipe tangawizi yenye ngozi yake, nipe manjano yenye udongo wake, nipe vitu ambavyo bado vinafanana na vilivyochimbwa."

Jumapili asubuhi akapigana. Alisugua meza mara tatu, akasugua na miguu ya meza, ambayo haikuwa na kosa lolote. Akatwanga, akakuna, akalia kwa vitunguu pasipo aibu. Dengu zikachemka na nyanya, boga likalainika, wali ukakauka vizuri chini ya kifuniko. Chumvi akaitia katika kibakuli peke yake, akaiweka katikati ya meza, kila mtu ajitilie kadiri ya daktari wake.

Wageni wakaingia. Mkwe akaketi karibu na dirisha, chupa yake ya maji mapajani. Fundi Saa alikuwa ameshainua upawa ili atamke neno la ufunguzi, ndipo mlango ukagongwa mara tatu kwa kishindo, na watu wote wakajua ni nani.

Shangazi! Mpishi asiye na mshindani katika ukoo mzima, mfunga vilemba virefu, mwenye kauli ya mwisho katika kila harusi! Alikuwa ameambiwa kwa simu alete matunda. Lakini lini Shangazi aliambiwa akatenda? Mikononi alikuwa amebeba bakuli kubwa, na hata kabla halijafunuliwa, harufu ya karanga zilizokaangwa ilitangulia kuingia.

Mkwe akasimama, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa pazia.

Hapo ndipo Fundi Saa alipoivuka sebule kwa hatua nne, akanyoosha mkono wake mwembamba, akaushika mwimo wa mlango upande wa pili. Mkono huo haukuwahi kunyanyua kitu kizito kuliko saa ya ukutani. Siku ile ulikuwa boma.

"Karibu sana, Dada. Wewe ingia. Bakuli haliingii."

"Nini?" Shangazi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Toa mkono, mchuzi unapoa."

"Hauingii, Dada."

"Unanifungia mlango mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka nikapinda? Kisa hiyo aleji! Sisi tulikula karanga na maganda yake, nani aliumuka? Huyu ni maringo tu, hataki chakula changu!"

Mwana wa Fundi Saa akafungua kinywa, baba yake akamnyamazisha kwa kidole. Kisha akasema, tena taratibu, kama anayerudisha skrubu ndogo mahali pake:

"Mchuzi wako mtamu, Dada. Marehemu mke wangu alikuwa akiufuata sufuriani kwa kidole. Lakini siku ile wewe ulibaki juu unawapakulia wageni, mimi ndiye niliyemshika mkwe wangu mkono ngazini. Pumzi yake ilipiga mluzi. Nikawa naihesabu kama ninavyohesabu mlio wa saa mbovu. Ikawa inachelewa. Kila mara inachelewa zaidi. Mimi najua saa ikianza hivyo huishia wapi."

Bakuli likainama, mchuzi ukadondokea mtandio wake. Shangazi akachungulia juu ya mkono wa mdogo wake.

"Mwanangu, ni kweli ilichelewa?"

"Ilichelewa, Shangazi," mkwe akasema. "Sikutaka kukuaibisha."

Shangazi akaliinua bakuli likakaa sawa. Akageuka, akashuka ngazi, na kila mtu akasema moyoni, kwisha habari, huyo amesusa hadi kiama. Fundi Saa akabaki ameushika mwimo, vidole vimemkauka, bila kujua kama ameshinda au amempoteza dada.

Dakika kumi zikapita. Ndipo wakasikia mtu anapanda huku akihema. Alikuwa Shangazi, mikono mitupu ameinyoosha mbele kama daktari wa upasuaji.

"Nimempa mlinzi wa getini, nimemwambia bakuli asilipandishe huku hata likishaoshwa. Sabuni iko wapi?"

Akautundika mtandio kwenye kitasa cha nje. Akanawa hadi viwiko, akasuuza, akanawa tena. Kisha akaketi, akaonja dengu, akakunja uso.

"Hazina chumvi."

"Na zisiwe nayo!" akapaza sauti mshona mapazia, aliyekuwa na zamu yake ya furaha.

Mkwe alikuwa ameshasogea mezani. "Baba, mwiko?"

"Mpya."

"Bizari?"

"Nimetwanga mwenyewe."

Akachota. Akatia kinywani. Kinyozi akasimamisha kijiko hewani. Mshona mapazia akavaa miwani. Fundi Saa akatazama saa yake ya mkononi, dakika moja, mbili, tano, na mshale wa sekunde haukuwahi kutembea kwa ukaidi namna ile.

"Mkiendelea kunikodolea hivi," mkwe akasema, "nitapaliwa bure."

Wakacheka hadi meza ikatikisika. Akala sahani ya kwanza, akala ya pili. Alipofika ya tatu akamwinamia Shangazi, akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi jikoni:

"Lakini Shangazi, ukweli usemwe, Baba hajui kupika dengu. Mwezi ujao njoo tumfundishe."

"Mwanangu, nilikuwa nangoja mtu aseme," Shangazi akajibu.

Basi wenye kalamu na waandike, kama kuna nafasi pembeni mwa habari za wafalme: kwamba Fundi Saa, mshika mwimo, alisengenywa mezani kwake na wanawake wawili kwa pamoja, wakikosoa vitunguu, wakikosoa boga, na kwamba jemadari huyo alisimama jikoni, kitambaa begani, akawasikiliza hadi mwisho, na hakuna jeshi duniani lililowahi kupigiwa makofi likafurahi kama yeye.