Mlaji kwa Mujibu wa Kanuni

Mamlaka ya Kumlinda Mlaji, Ofisi ya Kanda, iliutangazia umma kwa fahari kubwa kwamba imetimiza miaka kumi na moja bila kusajili lalamiko hata moja. Tangazo lilibandikwa kuanzia Daraja Mbili mpaka Kikatiti. Wananchi wote walialikwa Ijumaa saa nne kuja kujionea walivyolindwa, na keki ilishaagizwa.

Aliyeliandika tangazo ni Bwana Eliamini, Afisa Malalamiko, mtu mwadilifu ambaye hajawahi kuchelewa kazini wala kula rushwa ya mtu. Kanuni alizijua kwa moyo, na kwa kweli rekodi ile ilikuwa jasho lake mwenyewe. Maana watu walikuja kulalamika, tena si haba. Ila Kanuni ya Nne inasema mlaji ni "mtu anayekula." Anayekula, jamani, si aliyekula. Ambaye hajala bado ni mnunuzi, huyo aende Idara ya Biashara. Aliyekwisha kumeza ni mgonjwa, huyo aende Idara ya Afya. Mamlaka humlinda mtu chakula kikiwa mdomoni. Eliamini aliwaeleza watu hivyo kwa upole, kisha akawafungulia mlango.

Jumatatu ya wiki hiyo akaingia Mama Brightness, muuza ndizi wa Kikatiti, amekumbatia mfuko wa unga wa lishe wa Afya Tele uliobaki nusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Huu unga una ukungu. Karanga walizosagia humu zilishaoza. Mwanangu ana mwaka na nusu, leo siku ya tano amelazwa hospitali ya Nkoaranga, anatapika tu. Na dukani bado wanauuza. Asubuhi nimemkuta jirani yangu anaununua, nimemnyang'anya mkononi. Utoeni, baba, kabla haujaua mtoto wa mtu."

Eliamini alisikitika, na alisikitika kweli. Akavuta fomu. "Mtoto ameshameza?"

"Si ndiyo maana anaumwa?"

"Basi huyo ni mgonjwa. Pole sana. Wewe mwenyewe uliuonja?"

"Nilionja uji wake, nikatema."

"Ulipotema tu, ukakoma kuwa mlaji." Akairudisha fomu kwenye droo. "Ungekuja nao mdomoni, mama, ningekuandikia hapa hapa."

"Nitoke Kikatiti mpaka mjini na uji mdomoni?"

"Changamoto hiyo tumeiona. Imo kwenye mpango mkakati."

Mama Brightness alimtazama, machozi yanamlengalenga. "Kwetu sokoni, baba, tukisema mlaji tunamaanisha mtu mwingine kabisa."

"Nani?"

"Yule aliyekalia kiti ili ale."

Akachukua unga wake akaondoka. Eliamini hakukasirika. Alifungua kitabu cha kanuni kuhakikisha, na maana hiyo hakuiona.

Ijumaa turubai likafungwa uani, viti vikapangwa, waandishi wa habari wakaja na kamera zao. Mgeni rasmi alikuwa Mkurugenzi wa Mamlaka, Yiamat, ambaye shemeji yake ndiye mwenye mashine inayosaga Afya Tele, jambo ambalo halihusiani na lolote. Habari za Jumatatu hakuzijua, kwa kuwa mtu asiye mlaji hafunguliwi faili.

Katikati ya hotuba wakaingia wanawake watano wa Kikatiti. Mama Brightness alikuwa mbele na chupa ya uji na kikombe.

"Tumeona tangazo, tumekuja," alisema. "Na kwetu mtu haendi kwenye sherehe mikono mitupu."

Mkurugenzi akaziona kamera, akatabasamu kwa upana. "Hawa ndio wananchi wetu! Uji wa unga gani, mama?"

"Afya Tele."

Kusikia jina la nyumbani, akapokea kikombe kwa mikono miwili na kupiga funda moja la kishujaa. Kisha akatulia. Mashavu yalimvimba, macho yakamtoka. Kumeza hawezi, na kutema mbele ya kamera ndiyo kabisa.

"Baba Eliamini," Mama Brightness akauliza taratibu, "yule anakula, au hali?"

Eliamini alitazama. Miaka kumi na moja hakuwahi kumwona mlaji kwa macho yake. Akakimbilia droo, akarudi na fomu na kalamu.

"Mheshimiwa, kwa mujibu wa Kanuni ya Nne, kwa sasa wewe ni mlaji. Je, una lalamiko?"

Mkurugenzi akatikisa kichwa kukataa, jasho linamtiririka.

"Basi meza, mzee," alisema Mama Brightness. "Brightness wangu alimeza."

Mkurugenzi akamtazama yule mama, akaitazama kamera, akainyakua kalamu. Alitia sahihi, ndipo akakimbilia nyuma ya turubai, na kila mtu akamsikia.

Kabla ya saa tisa unga wote ulikuwa umeondolewa madukani na mashine imepigwa kufuli. Mamlaka ikatoa taarifa: hatua hizo zimechukuliwa kufuatia lalamiko la mlaji mmoja, Mkurugenzi Yiamat, aliyepata usumbufu wa kinywa. Mtoto hakutajwa, kwa kuwa mgonjwa ni wa Afya. Alhamisi iliyofuata Brightness aliruhusiwa kurudi nyumbani, amekonda lakini analilia ndizi.

Taarifa ile ilibandikwa Kikatiti, na soko zima likaisoma. Siku hizi gari la Mkurugenzi likipunguza mwendo kwenye matuta, kina mama wauza ndizi huinama dirishani kwa heshima zote.

"Shikamoo, mlaji."

Naye huitikia marahaba. Afanyeje? Amejiandikisha mwenyewe, na sahihi ni yake.