Uzi, Matofali Mawili na Gari la Baba

Jumatatu, 3 Juni

Tairi halijawahi kunipasukia maishani. Halijawahi! Wenzangu wanakwama barabarani, mimi napita nawapungia mkono. Nyota yangu kali. Wapo waliozaliwa hivyo.

Jumamosi uwanja wa mbio unafunguliwa kwa yeyote mwenye gari la kasi. Unavaa helmeti, unazunguka mpaka roho itulie. Nitaendesha gari la marehemu baba, na dada mkubwa atakaa kando yangu. Baba alimwahidi mzunguko mmoja, akafariki kabla. Dada kasema wazi: nikimzungusha salama, ufunguo ni wangu moja kwa moja. Nikiliharibu, ufunguo unakwenda kwa mumewe.

Shemeji huyo ni fundi wa magurudumu. Alikuwa haishi kuliazima, na kila mara analirudisha limeoshwa. Mtu wa kujipendekeza! Tangu Machi nimemnyima.

Jumanne, 4 Juni

Usukani unavuta kushoto. Shemeji kasikia, kaja mbio. Kasema, shemeji yangu, lilete kwenye mashine nilifanyie alaimenti, magurudumu yanyooke, hata chai sitaki. Nikamwambia nimekaa na mafundi wa nchi tatu, na huko magurudumu hunyooshwa kwa uzi. Akauliza uzi gani. Nikasema wa fundi mwashi. Akaaga, akaenda zake. Nimemweza!

Jumatano, 5 Juni

Uzi nimeufunga kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, tofali kila upande. Nimelala chini ya gari asubuhi nzima. Nimekaza. Nimelegeza. Nimekaza tena. Sasa linavuta kulia. Maendeleo!

Alhamisi, 6 Juni

Nimelijaribu barabara ya viwandani. Kona zote nimezikata kama siagi. Matairi ya mbele yalikuwa yanalia, nikadhani ni furaha. Nyumbani nikapapasa upande wa ndani, kitu kikanichoma kidole. Waya! Baba aliyaegemeza magurudumu ya mbele kwa ndani ili yashike kona, kwa hiyo mpira huliwa upande usioonekana. Kwa nje unapendeza. Kwa ndani waya zinachungulia, na uzi wangu umemalizia kilichobaki.

Nimekaa juu ya tofali. Nimemfikiria dada kando yangu. Nimemfikiria kweli. Kisha akili ikanijia: shemeji akija kukagua, ataangalia ya mbele tu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimehamisha. Ya mbele yamekwenda nyuma, ya nyuma yamekuja mbele. Si ndivyo mafundi wenyewe wanavyohubiri, matairi yahamishwe?

Shemeji kapita jioni. Kachutama, kapapasa ya mbele, uso ukamtulia. Alipotaka kuzunguka nyuma nikamwita ndani aje aone helmeti yangu mpya. Akaisifu sana, masikini.

Dada kapiga simu kuuliza kama gari liko sawa. Kasema atavaa koti la baba. Nikamwambia lala salama, dada. Yeye amelala. Mimi nahesabu vigae vya dari.

Jumamosi, 8 Juni

Nusu ya kwanza ya mzunguko dada alicheka kama msichana. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Laiti ningesimama palepale!

Kona ya mwisho, kishindo. La nyuma kulia limepasuka. Mkia wa gari ukataka kutangulia. Tukazunguka, tukazunguka, tukajikita kwenye ukuta wa matairi makuukuu. Vumbi. Kimya. Nikamshika dada mkono. Mzima, ila koti la baba limejaa vumbi.

Shemeji alikuja anakimbia, kiatu kimoja kimebaki njiani. Gari hakulitazama. Alimtoa mkewe, akamkagua kichwa na mikono. Kisha akainama dirishani kwangu akauliza, shemeji, umeumia? Afadhali angenizaba kofi.

Jumapili, 9 Juni

Dada kaja kuchukua ufunguo. Nikamwambia ni mkosi wa siku moja tu, katika maisha yote ya mtu mwenye nyota. Akasema kila mumewe alipoliazima gari, alilipandisha kwenye mashine, akalinyoosha, akahamisha matairi kabla hayajalika upande mmoja. Kisha akaliosha, ili mimi nione limeoshwa tu. Alijua nina makuu, hakutaka niumie moyo. Dada kasema, na wewe mdogo wangu ukamnyima.

Nimelia. Sioni aibu kuandika. Ufunguo nimempa kwa mikono miwili.

Jioni shemeji kaja kulivuta gari la baba, lililoletwa hapa uani jana. Kamba imekatika na giza limeingia, kwa hiyo kaacha pikapu yake ya kazi na ufunguo wake hapa, aje kulivuta kesho, kaondoka kwa miguu. Nimeizungusha kidogo. Inavuta kushoto! Fundi mzima! Wema wa mtu huyu lazima niulipe. Uzi ninao, matofali yapo palepale. Kukipambazuka tu naingia chini, nikimaliza naiosha, asijue kitu.

Ila niliyoandika Jumatatu ni uongo. Nilishapasukiwa tairi mara mbili, kabla shemeji hajaanza kuliazima gari.