Fremu Mia na Ishirini Zilizonivunjia Heshima

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Wapiga Video za Sherehe.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUOMBA FREMU ZIPUNGUZWE KWA WATU WENYE HESHIMA ZAO

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na betri zako. Mimi mwili haujambo. Heshima ndiyo iliyolazwa, na sijui lini itaruhusiwa kutoka.

Kwa kazi mimi ni fundi cherehani. Kwa ukoo ni shangazi wa bibi harusi, na harusi yenyewe ilipigwa video na mwanachama wako mmoja ambaye mtaani wanamwita Mafremu. Bibi harusi ni mtoto wa kaka yangu. Mama yake, wifi yangu, alifariki mtoto akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na tangu hapo akakulia kwangu, chini ya meza ya cherehani, akiokota vifungo na kuvipanga kwa rangi. Kwa hiyo siku ya harusi mimi ndiye niliyesimama mahali pa mama. Gauni nilishona mimi. Kumkabidhi kwa wakwe nilimkabidhi mimi. Na kulia nako ilikuwa zamu yangu, maana katika ukoo wetu mimi ndiye ninayetegemewa kwa kilio. Nikianza, wengine hufuata kama kwaya.

Mafremu alikuja ukumbini siku moja kabla, kupima mwanga. Nilimuuliza jina hilo alilipata wapi, kwa sababu mimi fremu niijuayo ni ile ya kutundikia picha ukutani. Alinijibu kwa adabu, sina ugomvi na malezi yake.

"Shangazi, video haitembei. Ni picha zilizosimama, zinapitishwa haraka mpaka jicho linadanganyika. Kila picha moja ndiyo fremu. Ukipiga ishirini na nne kwa sekunde, unapata ladha ya sinema. Mkono ukipita unaacha ukungu kidogo. Ukipiga sitini, kila kitu kinakuwa laini na wazi. Ukipiga mia na ishirini, baadaye unaweza kuipunguza ikaenda mwendo wa kinyonga, na haikwamikwami."

Kaka yangu, mtu ambaye hata sukari ya chai hapimi, akadakia, "Weka zote! Tusibaniwe."

Msiba wangu ulianzia hapo. Naomba sasa niorodheshe malalamiko yangu.

1. Kilio changu kimechunguzwa kupita kiasi. Video ilipokuwa tayari, ukoo ulikusanyika sebuleni kwa kaka, pamoja na wakwe. Viti vilijaa, waliobaki wakakaa kwenye mkeka. Mwanzo tulifurahi. Gauni linapita, watu wanapiga makofi. Ikafika sehemu ya kuagana. Nikajiona nimemkumbatia mwanangu, kichwa kwenye bega lake, nikaanza kulia. Mara muziki ukapungua, na mimi nikapungua nao. Mwendo wa kinyonga! Mdomo wangu ulifunguka polepole kama mlango wa stoo. Nikasubiri machozi. Sebule nzima ikasubiri nami. Badala ya machozi, jicho langu la kushoto likafunguka. Nyuma ya bibi harusi alikuwa anapita mhudumu na sinia la kuku. Jicho likamwona. Likamsindikiza hatua kwa hatua mpaka meza kuu, likakagua anayepakuliwa, likarudi, likajifunga. Mdomo muda wote ulikuwa unaendelea na kazi yake.

Kisha shemeji yangu, mume wa dada, akasema taratibu, "Hebu irudishe nyuma kidogo."

Wakairudisha, ndugu Mwenyekiti. Si mara moja.

2. Hesabu yenyewe ni ya dhuluma. Nimeikokotoa kwa chaki kwenye meza ya kukatia nguo. Nilimtazama yule kuku kwa sekunde tatu, na sikatai. Kwa fremu mia na ishirini, sekunde tatu ni picha mia tatu na sitini. Zikionyeshwa ishirini na nne kwa sekunde, zinakuwa sekunde kumi na tano. Yaani kosa la mtu mmoja limekuzwa mara tano na mashine, kisha likaonyeshwa mbele ya wakwe. Mahakama gani duniani humsomea mtu kosa moja mara tano? Hata mwizi husomewa mara moja, tena kwa mwendo wa kawaida.

3. Haki haikuwa sawa kwa wote. Hotuba ya kaka ilipigwa fremu ishirini na nne. Katikati ya hotuba alipenga kamasi kwenye ncha ya kitambaa cha meza. Mimi nilikuwa jirani yake, niliona kwa macho yangu haya. Kwenye video mkono wake umepita kama ukungu wa asubuhi, na watu wakasema, "Tazama baba anavyofuta machozi." Yeye aliyechafua kitambaa cha kukodi ni mzazi mwenye uchungu. Mimi niliyetazama chakula tu, bila hata kukigusa, ni mnafiki.

4. Fremu nyingi zinakula mwanga, na mwanga ndio ulionikausha. Mafremu mwenyewe alisema: kadiri fremu zinavyoongezeka, kila moja inapata muda mdogo wa kunywa mwanga, kwa hiyo lazima taa ziongezwe. Akanisimamishia taa usoni, ya ukali wa jua la saa sita mchana. Poda ikayeyuka. Nyusi za kuchora zikaanza kuhama. Sasa nakuuliza wewe mwenye utaalamu: chozi gani lingehimili joto lile? Machozi yalitoka, ndugu Mwenyekiti, yakakaukia njiani. Kamera haikuonyesha machozi kwa sababu kamera ndiyo iliyoyakausha.

5. Biashara imeguswa. Asubuhi ya harusi bibi harusi alikanyaga pindo la gauni likafumuka, nikalishikiza kwa pini mbili maana gari lilikuwa linapiga honi. Kwa fremu za kawaida pindo lingeelea tu kama wingu. Kwa fremu za Mafremu, pini zinametameta kila akigeuka, kama taa za mnara. Sasa wateja wananiletea vitambaa na masharti. Jirani yangu muuza dawa aliniletea kitambaa cha suti akasema, "Fundi, yangu ishone kwa uzi, tafadhali." Huyo nimemshonea tangu kiuno chake kilipokuwa kinapatikana.

6. Hili ndilo zito, na ningeweza kulitaja peke yake nikasamehe mengine. Siku ile sebuleni, mwanangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo wake umegusa miguu yangu, kama alivyokuwa akikaa akiwa mdogo. Video ilipofika kwenye jicho, nilihisi mgongo ukiondoka. Hakucheka na wenzake. Aligeuka akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, kumbe hukulia." Nikamwambia, "Nililia, mwanangu." Akasema, "Ulikuwa unaangalia kuku." Akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Tangu siku hiyo hajaja kwangu. Simu anapokea mume wake, kijana mzuri, ananisalimia kwa heshima, anasema mwenzake kalala. Saa nne asubuhi!

Watoto wa mtaani nao wamepata mchezo mpya. Mmoja analia polepole, mwingine anapita na bakuli. Wa tatu, naona, ndiye Mafremu. Mchezo huo unaitwa Shangazi.

Usidhani sikutafuta suluhu kabla ya kukuandikia. Nilikwenda studio kwake, chumba chenye pazia jeusi, feni, na nyaya zilizosokotana kama uzi uliochezewa na paka. Nilimwambia aziondoe hizo fremu zenye jicho, azifanye vitambaa vya kufutia lenzi ikibidi.

"Shangazi, naweza kuzitoa," alisema, "lakini ukitoa fremu katikati, picha itaruka."

"Iache iruke," nikamwambia. "Mimi nimeshaanguka."

Akazitoa. Akaniita nitazame. Ikawa hivi: jicho limefumba, kuku, jicho limefumba. Sikuonekana tena kama mtu aliyetazama chakula. Nilionekana kama mtu mwenye kwikwi ya chakula. Nikamwomba airudishe kama ilivyokuwa, na nikamshukuru, maana adabu haiharibiki kwa msiba.

Kwa hayo yote, naleta maombi yafuatayo mbele ya Umoja wako:

Kwanza, mashangazi, mama wakubwa, wifi na watu wote wanaolia kwa niaba ya ukoo wasipigwe zaidi ya fremu kumi na tano kwa sekunde. Nimeambiwa hapo picha huanza kukwama. Na ikwame. Kilio halisi nacho hukwama.

Pili, chakula kinapopita, kamera zote zishuke mpaka fremu moja. Fremu moja, kama nilivyoelimishwa, ni picha ya kawaida, na katika picha ya kawaida mimi najua kukaa.

Tatu, anayetaka kumpunguza mtu mwendo aombe idhini ya huyo mtu kwa maandishi, na ataje ni kiungo kipi anachokusudia kukipunguza.

Nne, endapo hayo yatashindikana kwa sababu za kitaalamu, Umoja uache kabisa video na uajiri wachoraji. Mchoraji akae pembeni na penseli yake na kifutio. Mtu akisogeza jicho, mchoraji humwambia, "Shangazi, tulia," naye hutulia. Sijawahi kusikia harusi iliyochorwa ikatenganisha watu.

Nakuomba ulichukulie jambo hili kwa uzito wake, na kwa haraka, maana msimu wa harusi hausubiri vikao. Wasalimie wanachama wako wote, wa kamera za begani na wa kamera za mkononi, wake kwa waume, na zaidi wasalimie shangazi zao, kama bado wanaongea nao.

Wako katika kutafuta haki kwa mwendo wa kawaida,

Shangazi wa Bibi Harusi
(Fundi Cherehani)

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimekwisha kuilamba, nimeifungua tena kwa mkasi, ndiyo maana umeiona imebandikwa utepe.

Mwanangu amekuja. Aliingia bila hodi, simu mkononi, akasema, "Shangazi, weka hiyo pasi chini, uje utazame." Kumbe Mafremu, baada ya kuniona nilivyotoka studio kwake, alipekua vipande ambavyo hakuvitumia akamtumia kimoja. Ni pale gari la maharusi linapoondoka ukumbini. Yeye alikuwa anapiga maua yaliyofungwa kwenye gari, kwa fremu zilezile mia na ishirini. Watu wote wako mbele wanapunga mikono. Nyuma kabisa, kando ya ukuta, kuna mwanamke amewapa mgongo.

"Kwa mwendo wa kawaida nilikupita, sikukuona," aliniambia. "Nilidhani ni mtu anatengeneza sketi yake."

Akaipunguza. Yule mwanamke ameegemeza paji la uso ukutani. Mabega yanapanda, yanasimama, yanapanda tena. Hakuna sinia, hakuna taa, hakuna mtu anayemfuata kama kwaya. Anajifuta kwa mkono wa gauni lake, gauni ambalo alilishona mwenyewe kwa wiki nyingi na hangethubutu kulipakaa hata maji.

"Ulisubiri niondoke," akasema mwanangu.

Nikamwambia lilikuwa vumbi la magari.

"Shangazi, pale ni lami."

Yaliyofuata sitayaeleza, hapakuwa na kamera. Nitasema tu kwamba suti ya muuza dawa ilikuwa magotini mwangu na itabidi ipigwe pasi upya.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, naomba malalamiko yangu yote yafutwe, isipokuwa lile la pini, ambalo nalihamishia kwa dereva aliyepiga honi. Fremu ishirini na nne zisingemwona yule mwanamke. Angebaki ukungu kando ya ukuta, na mimi ningebaki na kesi. Mtoto wa dada yangu anaolewa karibuni na tunamtaka Mafremu huyohuyo, wala asituletee mwingine. Aje na fremu mia mbili na arobaini kama mashine yake inazo, na taa azitakazo, poda nitajua mwenyewe.

Jambo moja tu. Nimekitazama kile kipande mara nyingi kuliko nitakavyokiri, na nimegundua kwamba kulia kwa kweli hakupendezi hata kidogo, mtu huvimba. Mwambie aniarifu mapema atasimama upande gani, nijue pa kulilia.