Tume ya Kuchagua Risasi ya Kiboko

Raia wote wa Kindu, wa ng'ambo hii ya mto Lualaba na wa ng'ambo ile, wenye kusoma na wenye kusomewa, walijulishwa kwa heshima zote kwamba serikali ya mkoa imelikamata tatizo la kiboko wa mtaa wa Alunguli kwa njia ya kisasa: imeunda Tume ya Kuchagua Risasi. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi na kupigwa mihuri mitatu, mmoja ukiwa wa idara iliyokwisha kufungwa, ili kuongeza uzito.

Kiboko hakujulishwa. Jioni ile ile alipanda kutoka mtoni, akala nusu ya mstari wa mpunga wa Mama Adolphine, akarudi majini bila kusaini popote.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Papa Arsène Kasanda, mkuu wa ofisi wa muda. Alikuwa wa muda kwa mwaka wa ishirini na tano sasa. Cheo alikipata katika miaka ya vita, treni zilipokuwa hazifiki tena na mkuu wa kweli alipopanda ndege ya mwisho akisema anakwenda kuchukua maagizo. Hadi leo anayachukua. Kasanda aliachiwa ufunguo, muhuri, bunduki moja ya kuwindia ya kalibri kumi na mbili, na kartushi zake tano, yaani risasi zenye ganda na baruti.

Basi siku moja ya vita hiyo wanaume saba wenye silaha waliingia ofisini wakataka ile bunduki. Kasanda aliwaambia waandike ombi kwa nakala tatu. Wale watu walikuwa na kila kitu cha kuua, kalamu hawakuwa nayo. Wakatoka kwenda kuitafuta, na hawakurudi. Tangu siku ile Kasanda alijua jambo ambalo majenerali wengi hawalijui: hakuna handaki linalomzuia adui kama nakala ya tatu.

Kwa hiyo Mama Adolphine alipovuka mto kwa mtumbwi, akaketi mbele ya meza yake na kusema anataka bunduki, Kasanda alimwonea huruma kama mwalimu anavyomwonea huruma mtoto aliyeruka darasa.

"Papa Shefu, mupunga wangu ulikuwa mistari makumi mbili," mama alisema. "Sasa iko kumi na mbili. Mavuno ni nyuma ya wiki tatu. Ule nyama anakula kila jioni, hapumziki hata siku ya Mungu."

"Bunduki iko, mama. Kibali cha kumpiga kiko. Swali ni risasi."

Mama Adolphine alikuwa amekuja na Tambwe, mwindaji wa Alunguli, mtu pekee mjini aliyekubaliwa kupiga bunduki ya serikali. Tambwe aliichukua ile bunduki, akaifungua, akachungulia ndani ya mtutu, kisha akakifungua kwa vidole kile kipande cha chuma kinachokazwa mdomoni kwa skurubu. Wawindaji wanakiita shoki. Hicho cha serikali kilikuwa na mifereji ndani inayojipinda kama kamba.

"Shefu, angalia. Mututu wote uko laini. Mifereji iko hapa tu, vidole vitatu vya mwisho. Risasi inakuja inateleza, inateleza, ikifika mulangoni njo inaambiwa: sasa zunguka. Ingine inakubali. Ingine inakataa, inaenda ovyo."

"Na ipi inakubali?"

"Mimi sijui."

Kasanda aliandika: Mtaalamu hajui.

"Hakuna muntu anajua," Tambwe aliendelea. "Unaweka karatasi hatua makumi ine. Unapiga tano za namna hii, unapanguza shoki maana plomo, madini ya risasi, inajaa kwenye mifereji, unapiga tano za namna ile. Ile inayokusanya matundu pamoja, njo hiyo, ndiyo yenyewe. Bunduki yenyewe itachagua. Ni kazi ya asubuhi moja."

Naibu wa Kasanda, kijana mmoja aliyeitwa Alain Ngandu, mwenye tai fupi na matumaini marefu, alikohoa.

"Bunduki ichague?" Kasanda aliuliza taratibu. "Bunduki iko na grade gani ya kazi, Tambwe?"

Ndiyo sababu Tume iliundwa. Ilikuwa na wajumbe saba. Kulikuwa na mjumbe wa barabara, kwa kuwa risasi husafiri. Mjumbe wa afya, kwa niaba ya kiboko. Na mjumbe wa michezo, ambaye hakuna aliyejua amefuata nini lakini alifika mapema kuliko wote. Tambwe alialikwa kama mtaalamu, yaani aliruhusiwa kusimama karibu na dirisha.

Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza aliitwa Mzee: kartushi ya enzi za vita, mojawapo ya zile tano, shaba yake ikiwa imegeuka kijani. Wa pili alikuwa Mgeni, kartushi ya kisasa ambayo risasi yake ndogo imevishwa koti la plastiki, iliyoachwa na msafiri mmoja kama zawadi, pakiti yenye tano ndani. Wa tatu alitoka kwenye boksi la kawaida ambalo kina mama wa Alunguli walilipata kwa mchuuzi wa Kampene: risasi ya plomo tupu, nene kama kidole gumba, yenye mbavu ubavuni.

Alain alimpigania Mgeni. "Ndugu wajumbe, huyu peke yake amevaa."

"Koti ile imetengenezwa kwa mututu wenye mifereji kutoka mwanzo hadi mwisho," Tambwe alisema kutoka dirishani. "Hapa kwetu pengine itashika, pengine hapana. Koti inaweza kuzunguka, mwenye koti akabaki vile alivyo."

"Mtaalamu asubiri aulizwe."

"Na ule wa Kampene?" mjumbe wa afya aliuliza.

"Hana dosie, faili lake haliko," Kasanda alijibu. "Hatujui amesoma wapi."

Hapo mwenyekiti akatoa fomu. Ilikuwa fomu nzuri, aliyoichora kwa rula kwa mkono wake mwenyewe, yenye sehemu ya miaka ya kazi, ya hali ya mwili, ya tabia. Wagombea walijazwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa nakala tatu. Tambwe alipouliza kwa nini wasipige tano tu kwenye karatasi, alielezwa kwa upole kwamba kartushi ikipigwa inakuwa imeacha kazi, na huwezi kumwajiri aliyeacha kazi.

Wiki ya kwanza mpunga ulibaki mistari tisa. Wiki ya pili ulibaki mitano. Mama Adolphine alivuka mara nne, na kila mara alikuta kikao. Mara ya nne alisimama mlangoni na kiatu kimoja chenye tope.

"Papa Shefu, nikikosa huu mupunga, watoto wangu watakula nini? Nakala?"

"Mama, usikate tamaa. Tumekwisha kufika Mengineyo."

Na kweli, alasiri ile Tume ilipiga kura. Mzee alishinda kwa kura sita, mjumbe wa michezo akiwa amelala. Kasanda alisimama akasema maneno ambayo mwenyewe aliyaona mazuri: kwamba risasi hii iliikuta vita, ikaivuka vita, na haikuwahi kumkosa mtu yeyote. Alikuwa na sababu ya kusema vizuri. Madame Nicole Mulamba, mkaguzi wa mkoa, alikuwa anakuja kushuhudia upigaji, na ndani ya mkoba wa Madame Nicole kulikuwa na barua ambayo ikisainiwa ingemfanya Kasanda mkuu kamili, bila "wa muda". Aliiwaza barua ile kama vijana wanavyowaza mahari.

Siku ilifika, saa kumi na nusu, ukingo wa Alunguli. Mpunga ulikuwa umebaki mistari mitatu, iliyoiva, ya rangi ya dhahabu. Watu walijaa. Madame Nicole aliketi kwenye kiti cha plastiki. Tambwe aliingiza Mzee kwenye bunduki, akalenga gogo lililokuwa kwenye maji, kwa kuwa kiboko alikuwa hajapanda, akavuta.

Tik.

Tambwe hakusogea. Aliacha mdomo wa bunduki ukiangalia mto, akangoja.

"Kwa nini unangoja?" Madame Nicole aliuliza.

"Kartushi ya zamani inaweza kuchelewa, madame. Ukifungua haraka inakulipukia."

"Ana haki ya kuchelewa," Kasanda alieleza. "Ana miaka."

Walingoja. Mahali fulani nyuma mtu alianza kucheka, akazimwa kwa kiwiko. Mzee aliyefuata alisema tik pia, na wa tatu. Madame Nicole alinyoosha mkono akaomba dosie. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, bila haraka.

"Miaka ya kazi: ishirini na tano. Mara ngapi ametoka: hajawahi. Amegonga nini: hakuna. Hali ya mwili: amevimba kidogo kwa unyevu wa ofisi. Tabia: hajalalamikiwa. Pendekezo: athibitishwe kazini." Alivua miwani. "Papa Kasanda, hii dosie nilishaisoma mwezi wa tatu."

"Haiwezekani, madame. Tume ilianza mwezi wa sita."

"Ilikuwa na picha yako juu."

Kasanda alifikiri kidogo, kwa maana lilikuwa swali la utaratibu na alipenda maswali ya utaratibu. "Ah. Ni fomu ile ile, madame. Yangu ilikuwa imetoka vizuri, nikasema tusiharibu karatasi. Tulibadilisha jina tu."

Hapo hakuna kiwiko kilichotosha. Kina mama wa Alunguli walicheka mpaka wakashikana mabega. Madame Nicole peke yake hakucheka. Alimgeukia Tambwe.

"Wewe ungefanyaje?"

Tambwe alimweleza habari ya karatasi na hatua arobaini.

"Karatasi iko?"

Karatasi ilikuwepo nyingi. Ripoti ya Tume ilibandikwa kwenye ubao, ukurasa kwa ukurasa, na hivyo ikasomwa kwa mara ya kwanza, japo kwa mbali. Mgeni alipigwa mara tano. Risasi moja iligonga Utangulizi, moja Mengineyo, mbili zilipita ubavuni, na ya tano haikuonekana popote. Alain alisema huyo wa tano yuko misheni, safari ya kikazi. Tambwe alipanguza shoki kwa kitambaa, akapiga tano za boksi la Kampene. Matundu yote matano yaliketi pamoja juu ya sahihi ya mwenyekiti, na kisahani cha chai kingeyafunika.

"Njo hiyo," Tambwe alisema.

"Kazi ya dakika ngapi?"

"Makumi mbili, madame. Pamoja na kupanguza."

Madame Nicole alitoa ile barua mkobani. Kasanda aliiona, akanyoosha tai.

"Papa Kasanda, nimejifunza. Sitamsaini yeyote kabla hajapimwa. Jua linashuka, mnyama atapanda. Tambwe atakaa hapa kwenye kichuguu. Wewe utasimama kule nyuma yake, mwisho wa mpunga, upige sufuria ili mnyama asipite upande ule. Tuone unavyotoka."

"Kwa muda, madame?"

"Kwa muda."

Mama Adolphine alimpa sufuria yake mwenyewe na mwiko. "Usiogope, Papa Shefu," alimwambia. "Kiboko naye hajalalamikiwa kwa nakala tatu."

Kiboko alipanda saa kumi na mbili kasoro, kama mtumishi anayejua saa zake. Maji yalimwagika mgongoni mwake. Hakutazama watu. Aliuelekea mstari wa kwanza. Kasanda, apewe haki yake, alipiga sufuria mara moja. Kiboko aligeuza kichwa, akafungua kinywa chote, na Tambwe akapiga. Mara moja tu. Mnyama alipiga magoti, akaegemea mchanga kana kwamba anasoma tangazo la chini kabisa, akalala. Hakugusa hata suke moja.

Mama Adolphine aliingia kwenye mpunga, akapita mistari mitatu kwa mkono kama anayehesabu watoto baada ya mvua. Kisha akachuchumaa, akajifunika uso kwa kitenge, na hakuna aliyemsemesha mpaka alipoinuka.

Ndipo wakamkumbuka mwenyekiti. Mwisho wa mpunga palikuwa na kiatu kimoja cha ngozi, kimefungwa kamba vizuri. Katikati ya Lualaba palikuwa na mtumbwi, na ndani yake mtu wa tai akipiga kasia kwa mwiko kuelekea upande wa maofisi.

Madame Nicole alifungua fomu mpya, akaichukua kalamu. "Mtaalamu, tuandike nini?"

Tambwe alikinga macho kwa kiganja, akamtazama mtu yule kwa haki, kama alivyozitazama zile kartushi.

"Anatoka, madame. Spidi iko. Hakupinda hata kidogo." Akafikiri. "Ila anatokea nyuma."

Madame Nicole aliandika vile vile alivyoambiwa. Alipofika kwenye Pendekezo akaandika kwamba ahifadhiwe mahali pakavu, mbali na kazi, kisha akaomba karatasi mbili zaidi kwa ajili ya nakala.