Mishale Iliyoizamisha Kwaya

Jamani, leo uso wangu nimeuacha kanisani. Nawaandikia nikiwa nyumbani, mlango nimeufunga, simu nimeitoa sauti.

Mnajua kwaya yetu ya Kinyinya haina mwalimu tangu yule wa zamani ahamie Huye. Hiyo nafasi nimeitamani hadi naiota. Juzi mwenyekiti wetu, Mama Diane, akaniambia: "Jumamosi iko harusi. Fundisha kwaya wimbo wa bibi harusi kuingia. Ukifanya vizuri, kwaya iko yako."

Mtu mwenye akili angefundisha wimbo kama ulivyo. Mimi nikataka waone nimesoma (nimetazama video mbili).

Nilichojifunza ni hiki: kinanda kinatudanganya. Nota zake zimesawazishwa ili zifae kila wimbo, kwa hiyo "mi" yake (ile ya do-re-mi) iko juu kidogo kuliko sikio linavyotaka. Watu wakiimba bila kinanda, wakaishusha "mi" unywele mmoja tu, sauti zinashikana hadi mwili unasisimka. Hilo ni kweli, msinibishie. Tatizo ni kwamba ile mistari mitano ya muziki haina alama ya unywele. Basi nikaibuni. Kila penye "mi" nikachora mshale mdogo unaotazama chini, nikatoa kopi, nikagawa.

Kwenye mazoezi nikatamba: "Mkiona mshale, shukeni kidogo. Kidogo sana!"

"Kidogo kama nini?" akauliza Mzee Sylvestre, besi wetu, aliyekulia Bujumbura.

"Kama chumvi ya kuonja."

Tukaimba ubeti mmoja. Mtamu! Nikawaruhusu waende nyumbani. (Ubeti mmoja. Wimbo una beti nne.)

Leo sasa. Kanisa limejaa. Nikamwambia Kelly, mpiga kinanda wetu, atupe sauti ya kuanzia, kisha anyamaze hadi ubeti wa mwisho, hapo aingie kwa nguvu zote. Bibi harusi akatokea mlangoni na baba yake. Nikanyanyua mikono.

Ubeti wa kwanza, safi. Mama mmoja akafuta machozi. Nikajiona mwalimu kamili.

Wa pili, nikahisi wimbo umekuwa mzito. Nikajiambia, hizo ni hisia.

Wa tatu, akina dada wa sauti ya kwanza wakawa wanaimba nota za wanaume. Mzee Sylvestre aliacha kuimba, akawa anapumua tu. Ndipo nikaelewa, nikalowa jasho. Kwenye kila mshale walikuwa wanashuka kweli, ila hakuna aliyekuwa anarudi! Wanaendelea kutoka hapo walipofikia, wanakutana na mshale mwingine, wanashuka tena. Na mishale nilikuwa nimeimwaga bila huruma.

Nikamkonyeza Kelly asipige. Kelly akadhani namwambia sasa. Akapiga kwa nguvu zote, kama nilivyoagiza, kule kule juu tulikoanzia.

Mungu wangu! Nusu ya kwaya ikarukia kinanda, nusu ikabaki chini kwa utii. Bibi harusi akasimama katikati ya kanisa. Mtoto akaangua kilio. Fundi wa spika akakimbilia nyaya zake.

"Tuvumilie kidogo," padiri akasema. "Spika iko na shida."

Nami (nisameheni) nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikaikodolea ile spika macho ya hasira.

Hapo Mzee Sylvestre akasogelea maikrofoni. Anampenda padiri wake, hataki adanganywe.

"Padiri, spika iko sawa. Shida ni mishale ya mwalimu. Alituambia tushuke, hakutuambia tupandie wapi."

Kanisa zima likalipuka kwa kicheko. Bwana harusi alicheka hadi akashika benchi. Bibi harusi akamalizia safari yake bila wimbo, mabega yanamtikisika. Mimi nilibaki nimenyanyua mikono, sijui niishushe vipi.

Baada ya misa Mama Diane akanishika bega.

"Pole sha, nta kibazo, hakuna shida. Kwaya tutamupa Kelly. Wewe utatusaidia kupanga viti."

Imeniuma, sifichi. Kwa hiyo naombeni msicheke. Na atakayeshindwa kujizuia acheke kwa sauti ya juu, maana huko chini nimeshamaliza kote.