Siku Garimoshi Lilipoingia Machakos

Tegeni masikio, enyi watu wa Iveti na Mua, nanyi wa Kathiani mlioshuka sokoni na magunia yenu. Anayechambua maharage na aweke ungo chini. Mwenye muthokoi jikoni na apunguze moto, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Nasimulia vita vya Wathome mwana wa Nthambi, babu yangu, mchochea moto wa magarimoshi, bwana wa koleo, ambaye mwaka ule uliofuata mvua za El Niño alitenda jambo ambalo serikali ya Malkia, pamoja na wahandisi wake wote, haikulitenda: alileta garimoshi mjini Machakos.

Maana mnajua kwamba reli ilipotoka Mombasa, zamani za mababu, ilifika karibu nasi, ikatutazama, ikapita zake nyikani hadi penye kinamasi na vyura, na hapo ndipo ulipoota mji wa Nairobi. Machakos, uliokuwa mji kabla ya Nairobi kuwa mji, ukaachwa na vumbi lake. Aibu hiyo imekaa kwetu kama mgeni asiyeaga.

Wathome aliitumikia reli hiyo ujana wake wote. Alisimama upande wa kushoto wa injini akiulisha moto, na upande wa kulia alikaa dereva wake, Kiama, mtu wa Murang'a, mwenye kofia isiyopinda na mkono uliojua mvuke. Mara moja tu, kati ya Ulu na Konza, njia ikiwa imenyooka na twiga wakitazama, Wathome aliomba aendeshe hata kwa mwendo wa wimbo mmoja. Kiama hakugeuza shingo. Alisema, "Wewe tia makaa." Wathome akatia makaa. Akatia mpaka injini za mvuke zilipoondolewa, na neno lile likabaki kifuani mwake, nalo pia ni kaa, na halijapata kuzimika.

Kiama alipostaafu alifungua duka la misumari hapa hapa mjini, na kila Jumamosi huja kwetu kunywa chai. Humwita Wathome "kijana", ingawa meno waliyobaki nayo wote wawili hayatoshi kinywa cha mtu mmoja.

Ikawa siku moja Wathome aliingia dukani kwa Abukar, muuza vyombo vilivyokwisha tumika, akitafuta kifuniko cha sufuria. Na tazama, chini ya pasi mbovu na saa zilizokufa alimwona mnyama mwenyewe: injini ya kuchezea, ya chuma, urefu wa gunzi la muhindi, imelala ubavu ndani ya katoni pamoja na reli zake. Bomba la moshi lilikuwa limeng'oka. Magurudumu yalikuwa na kutu kama jembe la mvivu. Abukar, ambaye si mtu wa kudanganya wazee, alimwambia, "Mzee, hiyo imekufa. Chukua hii ya plastiki, iko na taa." Wathome akamjibu kwa hotuba ndefu, iliyoanzia Mombasa na kupita vituo vyote, na Abukar alipoona hotuba haijafika hata Voi, alikubali kubadilishana kwa kuku mmoja anayetaga.

Kuku huyo alikuwa wa Kalunde, mke wa Wathome. Hivyo vita vikaanza pande mbili kwa pamoja.

Shujaa aliiteka meza ya kulia. Akatandika gazeti, akaifungua injini msumari kwa msumari, akaishambulia kutu kwa majivu na limau, akitumia mswaki wake mwenyewe, na kwa majuma mengi akasugua meno yake kwa kijiti. Alitia mafuta ya cherehani kwenye vifundo vya injini. Bomba jipya alilikata kutoka kwenye valvu ya tairi la baiskeli, akalisugua mpaka likang'aa. Masizi ya sufuria aliyakanda na mafuta, akalipaka tumbo la injini weusi wake wa zamani. Kisha akatwaa makaa ya jikoni, akayaponda, akayapanga kwenye behewa la nyuma punje moja moja, kwa kibano cha kutolea miiba, na punje iliyokaa vibaya aliitoa, akaikemea, akairudisha. Kalunde alipita na chakula, akakiweka kwenye stuli, akasema injini ile ikianza kutaga aitwe.

Ikabaki boriti ya mbele, ambayo ni lazima iwe nyekundu. Rangi ya maduka ya vifaa ilikuwa nzito kama uji. Basi Wathome alivaa koti, akaenda mahali ambapo hajawahi kukanyaga mwanamume wa ukoo wetu: saluni ya Pauline. Mimi nilikuwa humo, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa, nikajifanya simjui.

"Nataka rangi ya kucha," akasema.

"Kucha za nani, mzee?" akauliza Pauline.

"Si kucha, binti. Nataka nyekundu ya injini. Isiwe ya nyanya, isiwe ya damu. Iwe nyekundu ambayo ng'ombe wakiiona kwa mbali kwenye reli, wanaondoka."

"Hiyo niko nayo," akasema Pauline. "Hata wanaume huwa wanaondoka."

Wanawake wakacheka mpaka mashine ya kukausha nywele haikusikika. Wathome hakuyumba. Alitoa kidole gumba, akaamuru kipakwe, akakibeba mpaka mlangoni kwenye mwanga, akakitazama kwa jicho moja kisha kwa jingine, akasema ndiyo yenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba rangi ile haitoki kwa sabuni. Alipokuwa akiondoka alinisalimu kwa jina, mbele ya watu wote.

Sasa injini ilikuwa tayari, lakini injini bila moto ni chuma tu, na moto wa injini hii ulikuwa betri. Betri pekee nyumbani zilikuwa ndani ya redio ya Kalunde, naye alitangaza kwamba kuku ni kuku lakini redio ni redio, na matangazo ya vifo hayangoji garimoshi. Angempa zikishaisha. Zilipoisha, Wathome alizianika juu ya mabati, akazigeuza kama mtu anayegeuza mahindi ya kuchoma, ili jua lizirudishie roho. Ila Kalunde aliongeza sharti: Jumamosi jioni wanawake wa jumuiya wangekuja kusali, na meza ingerudi kuwa meza. Ama injini iende Jumamosi ile, ama irudi katoni milele.

Jumamosi ilifika. Reli zilizunguka meza yote. Mkebe wa majani chai ulikuwa Mombasa, kopo la chumvi lilikuwa Voi, na mkebe wa maziwa ya unga, uliopakwa chokaa na kuandikwa jina kwa herufi kubwa, ulikuwa stesheni ya Machakos. Wathome alikuwa amenyoa ndevu. Kiama akaingia na tochi yake mfukoni kama kawaida yake, akaitazama kazi ile kwa muda mrefu, akasema, "Kijana, umejaribu." Kisha akavuta kiti cha upande wa kulia, palipokuwa na kishikio cha kuendeshea, akakaa.

Hakukaa kwa ubaya. Alikaa kama maji yanavyokaa bondeni. Na Wathome, aliyemshinda Abukar kwa hotuba na saluni nzima kwa kidole gumba, akashindwa na kiti kimoja. Akaenda kushoto, penye betri zilizounganishwa na reli kwa nyaya.

Kiama akageuza kishikio. Injini ikatetemeka, ikakohoa, ikatoka Mombasa. Ikaipita Voi. Ikapanda mahali pale ambapo meza imebinuka, ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikasimama. Palibaki upana wa kiganja kufika Machakos.

"Imekufa?" akauliza Kalunde kutoka jikoni.

"Imechoka," akasema Wathome.

Kiama alizungusha kishikio mpaka mwisho wake, wala hapakuwa na kitu. Wathome akazitoa betri, akazisugua kwenye suruali, akazirudisha. Hapo ndipo Kiama alipokiona kidole.

"Na hii kidole ni nini?"

"Ni rangi."

"Ulijipaka?"

"Nilijaribu kwangu kwanza, nisiharibu injini."

Kiama hakucheka. Alikitazama kidole, akaitazama boriti nyekundu, akaitazama tena, na sijui aliona stesheni gani humo. Kisha akatoa tochi mfukoni, akaifungua kitako, akazimimina betri zake kiganjani. Akainuka. Akazunguka meza, akapiga magoti upande wa kushoto, magoti yakilia kama mabehewa yanayounganishwa, akaanza kuzipanga betri zake nyuma ya zile zilizochoka. Wathome akainama amsaidie.

"Kaa huko," akasema Kiama bila kuinua kichwa. "Wewe endesha. Mimi natia makaa."

Wathome akakaa kwenye kiti cha kulia. Akafuta kiganja kwenye suruali, akakifuta tena. Akageuza kishikio kidogo sana, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto, na injini ikaondoka. Haikukimbia. Ilipanda ubinuko wa meza taratibu, bomba lake la baiskeli liking'aa, ikaingia stesheni, na mwana wa Nthambi akaisimamisha bila kugusa mkebe.

Kiama alibaki amepiga magoti. "Umesimamisha vizuri, dereva," akasema.

"Makaa yalikuwa mazuri," akasema Wathome.

Kalunde akaja na kitambaa cha meza mkononi, akatazama, akasema basi kama imefika abiria washuke, anataka kutandika. Lakini aliinyanyua injini yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, akaiweka juu ya redio, na mpaka leo hajaruhusu mtu kuiondoa hapo.

Kwa hiyo, enyi watu wa milima hii, akitokea mtu wa kuwaambia kwamba reli haikufika mjini kwetu, msigombane naye. Mwambieni ilifika Jumamosi, wakati wa chai, ikiwa imechelewa kama miaka mia moja. Mchochea moto akiwa Kiama wa Murang'a, na upande wa kulia, kidole gumba kikiwa chekundu, Wathome.