Shikamoo, Kenge Wewe

Mfuniko wa birika ulianza kucheza gizani, tak-tak-tak, Mama Chai akajua maji yamechemka na kelele haziko mbali. Alipowasha taa ya barazani, Fundi Spana wa gereji na Kinyozi walishajibanza kwenye benchi, redio katikati yao. Mzee Karani, mstaafu asiyeacha kuvaa tai, alikuwa na kiti chake.

"Mmesikia? Diwani katimuliwa kikaoni, kisa kamwita mwenzake kenge!" alisema Spana.

"Safi sana," alikohoa Mzee Karani. "Mtu mzima anatukanaje hadharani?"

"Kenge si tusi, mzee. Kenge ni mnyama, ana familia yake."

Kinyozi akadakia, "Mie mteja nisipomwita kenge anadhani nimemnunia. Anahamia saluni nyingine!"

"Na nati iliyoshika kutu je, niibembeleze?" Spana alipiga paja. "Naitukana ukoo mzima, inalegea yenyewe."

Mama Chai akatua birika kwa kishindo. "Basi nisikilizeni. Jana mwanangu kamkumbatia mwalimu mkuu, akamwambia, 'Shikamoo, kenge wewe.'"

Kinyozi akazima redio.

"Lakini si alitanguliza shikamoo?" Spana aliuliza kwa sauti ya chini.

"Akirudia, anaondolewa shule! Nafasi ile nimeihangaikia miezi mitatu. Kuanzia leo, atakayetukana hapa, chai ataisikia harufu tu."

"Nilisema mimi!" Mzee Karani alichekelea. "Miaka yote nawaambia hawa kenge..." Akajiziba mdomo. Kikombe chake kilishachukuliwa.

Waliobaki na vikombe wakanyoosha migongo.

"Ndugu Fundi," alianza Kinyozi, "naomba, kwa heshima na taadhima, usogeze kiwiliwili chako."

"Ombi lako limepokelewa, ndugu Kinyozi. Linafanyiwa kazi."

"Nashukuru kwa ushirikiano."

Wakaishiwa maneno ya heshima. Watu ambao hata mvua haikuwahi kuwanyamazisha wakabaki kukodolea macho chai yao, kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Mama Chai roho ikamtulia kwatu. Kulipopambazuka akaingia ndani, akamfunga binti yake vifungo vya sare, akamtoa nje kifua mbele.

"Habari za asubuhi, binti," alisema Spana, mikono magotini.

"Tunakutakia masomo mema," aliongeza Kinyozi, bila kumtazama mwenzake.

Mtoto aliwaangalia mmoja mmoja, hadi kwa Mzee Karani aliyekumbatia magoti yake bila kikombe. Akaishika khanga ya mama yake, midomo ikaanza kumtetemeka.

"Mama, hawa wamegombana."